Mama Povu alivyolivalisha jengo zima utepe wa njano

Asubuhi mapema, watoto wa shule wakiwa bado wanagombania bafu, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana anapanda ngazi za jengo la ghorofa nne, mtungi wa gesi begani. Hapumziki kwenye kona. Haombi msaada. Anachosema, tena kwa sauti ya kuamsha waliolala, ni neno moja tu: "Gesiii!"

Mlango mmoja wa ghorofa ya pili unafunguliwa. Mama wa nyumba, mwiko mkononi, anataka mtungi uwekwe tu upesi awahi chai ya watoto. Upesi gani! Mgeni wake keshachuchumaa nyuma ya jiko, keshawasha tochi ya simu, anasoma maandishi madogo yaliyochapwa ubavuni mwa mpira wa gesi, midomo ikicheza kama ya mtu anayesoma jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Huu umebakiza miezi sita," anatangaza. "Ikifika nakuja kuuzika. Usije ukasema hukuambiwa."

Anaunganisha mtungi. Kisha anatoa kikopo cha maji ya sabuni na brashi ya kunyolea ndevu, anafungua gesi, anapaka povu kwenye kila kiungo, halafu anatulia. Hapo hata umwite jina lake la utotoni hakuitikii. Anaangalia kama povu litavimba. Halivimbi. Anauvuta kidogo utepe mwembamba wa njano uliofungwa kwenye mpira, kuhakikisha fundo ni lake, na ndipo anaruhusu chai ichemshwe.

"Haya, pikeni," anasema, na keshafika mlangoni.

Mtaani hapa wanamwita Mama Povu. Ni kwa sababu ya hiyo sabuni, si kwa sababu ya kufoka, ingawa na kufoka nako, wateja wake wanakiri, hajambo. Brashi alipewa na kinyozi mwenye kibanda chini ya jengo, ambaye anadai ndiyo brashi pekee mjini iliyopaka sabuni majiko mengi kuliko madevu.

Ukimwona leo anavyopanda na kushuka kwa madaha utadhani jengo ni lake. Lakini miezi michache tu iliyopita ilibaki kidogo afukuzwe humu, yeye na mitungi yake yote, na zaidi ya nusu ya wateja wake wanaishi humu. Kufukuzwa kungekuwa ndio mwisho wa kazi.

Na kazi yenyewe hakuzaliwa nayo. Mumewe alikuwa dereva wa lori hadi alipoumia mgongo. Nyumba ikabaki na watoto watatu, mgonjwa mmoja, na mama mkwe mwenye maoni juu ya kila kitu. Mwenye ghala la gesi alikuwa anatafuta vijana wa kubebea watu mitungi hadi majumbani.

"Nilipokwenda akaniangalia juu mpaka chini akasema, 'Mama, hii kazi ya wanaume,'" anasimulia, akianza kucheka kabla hajafika mwisho. "Nikabeba mtungi mkubwa, nikauzungusha ghala lake lote, nikauweka miguuni pake. Nikamwambia, haya, huyo mwanaume wako yuko wapi? Akanipa kazi siku hiyohiyo."

Miaka ya mwanzo alikuwa anaweka mtungi na kuondoka, kama wauzaji wengine. Habari za mpira hakuwa nazo. Mpira ni mpira, unaleta gesi kutoka kwenye mtungi kwenda kwenye jiko, basi. Aliyembadilisha ni mama mkwe wake.

Bibi huyo ni mtu wa kutunza. Kwake hakitupwi kitu. Ndoo iliyotoboka inakuwa chungu cha maua, mswaki uliochakaa unasugulia viatu. Mpira wake wa gesi ulipoanza kupasukapasuka aliuzungushia gundi ya karatasi, juu yake kitambaa, juu ya kitambaa uzi, ukawa mnene kama mguu uliofungwa bendeji. Siku moja mkwewe akamletea mtungi, akaunganisha, akaaga. Hajafika barabarani akasikia yowe.

"Moto uliruka ukanilamba uso," anasema mama mkwe mwenyewe, akigusa paji lake. "Namshukuru Mungu ulichukua nyusi tu. Nilikuwa naona mpira bado mzima. Mtu anatupaje kitu kinachofanya kazi?"

Nyusi zimeota tena. Mama Povu anasema zimeota zimekunjamana, na kwamba tangu hapo mama mkwe anaonekana amekasirika hata akiwa amefurahi. Wote wawili wanacheka mpaka wanashikana mabega. Lakini bibi akishaingia ndani, Mama Povu sauti inashuka.

"Mimi ndiye niliyeuunganisha ule mtungi. Niliuona ule mpira. Niliuona kwa macho yangu haya, nikacheka, nikaondoka. Ilinikaa moyoni, inaniuma mpaka leo."

Ndipo alipoanza kusoma maandishi ya ubavuni. Akagundua kumbe mpira una mwaka wake, umechapwa palepale, wa kuingia na wa kutoka. Akaanza kuwaambia wateja. Wateja wakamwambia ndiyo, ndiyo, tumesikia, weka mtungi uende. Maandishi ni madogo, yamekaa kisogoni mwa jiko, na mafuta ya mchuzi yameshayafunika. Nani ana muda wa kuinama huko?

Kwa hiyo akaachana na maandishi, akashika rangi. Alinunua bunda la utepe wa bluu. Mpira ambao haujapitwa na tarehe, na umepimwa kwa povu haukuvuja, unafungwa utepe. Mwaka ukiisha rangi inabadilika. Bluu ya mwaka jana imekwisha, mwaka huu ni njano, na mwenye bluu jikoni kwake anajulikana kwamba hajakaguliwa.

Kilichofuata hakukitarajia. Katika jengo lile watu hupika milango ikiwa wazi ili hewa ipite. Anayepita kwenye korido anaona jiko la kila mtu, na sasa anaona na utepe wa kila mtu. Wanawake wakaanza kuulizana. "Shoga, wewe bado uko bluu?" Mwenye bluu anajikuta anasimama mlangoni kuziba kwa kanga, na jioni anampigia Mama Povu simu.

"Nilihubiri mwaka mzima sikupata waumini," anasema. "Wivu umefanya kazi hiyo kwa wiki mbili."

Mambo yalikuwa yanakwenda hivyo, taratibu na kwa masihara, hadi jiko lilipolipuka katika jengo la mtaa wa pili. Hakufa mtu, lakini jikoni hakukubaki kitu. Habari zikamfikia mwenye jengo letu, mama mjane aliyelijenga yeye na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba, kwa miaka mingi ya kujinyima. Kesho yake akawaita wapangaji wote uani.

"Jamani, mimi usingizi umenipaa," aliwaambia. "Mwisho wa mwezi huu sitaki kuona mtungi wa gesi humu ndani. Anayetaka kupika, mkaa upo, uwanja upo."

Watu wakaguna. Kinyozi, ambaye hata hapangi chumba humo lakini hakosi mkutano, akauliza kama mama wa ghorofa ya nne mwenye mtoto mchanga naye atakuwa anashuka na sufuria mvua ikinyesha. Mwenye jengo akafunga mkutano. Alikuwa ameshakata kauli.

Mama Povu alisikia akiwa ghalani. Anasema aliketi juu ya mtungi. Alifikiria karo, dawa za mumewe, kodi. Halafu akafikiria zile tepe zote alizofunga, na hapo hofu ikageuka hasira. Akajipa moyo, akaenda kumgongea mwenye jengo nyumbani kwake.

"Mama, naomba mwezi huu uniachie mimi," alimwambia. "Kila jiko la jengo lako litavaa utepe wa njano. Siku ya mwisho panda mwenyewe, kagua mwenyewe. Ukikuta jiko moja halina utepe, au lina utepe na linavuja, mitungi yote nitaishusha kwa bega langu, na mimi hunioni tena."

"Hata likiwa moja?"

"Hata likiwa moja, mama."

Mwenye jengo anakumbuka vizuri siku hiyo. "Sikumwamini hata kidogo," anasema bila kuficha. "Nilimkubalia ili aondoke mlangoni kwangu. Nilijua watu wangu. Hawa, hata kubadilisha balbu ya ngazini tu wanasubiriana."

Mwezi ule Mama Povu aliishi kwenye ngazi. Anaingia chumba hiki anatoka kile, bisibisi kiunoni, mipira mipya imezungushwa shingoni kama shanga. Anafunga gesi, analegeza klipu, anachomoa mpira mzee, anatumbukiza ncha ya mpya kwenye maji ya moto ilainike, anausukuma mpaka mwisho, anakaza, anapaka povu, anatulia. Kisha utepe. Ghorofa ya kwanza ikaisha. Ya pili na ya nne zikaisha. Waliokuwa hawana cha kununulia mpira, majirani wa korido yao waliwachangia, maana sasa kosa la mmoja lingewatia wote mkaani.

Ikabaki korido moja ghorofa ya tatu, na mwishoni mwa korido hiyo, mlango mmoja. Mlango wa Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mahudhurio. Pasi yake ni ile aliyopewa siku ya harusi. Feni yake amekwishaifungua na kuifunga mara zisizohesabika na inapuliza vizuri kuliko za dukani. Blenda ya jirani yake ilipokatika jino la ndani na duka likasema atupe anunue nyingine, Mwalimu alichonga jino jipya kwa soli ya kiatu, na blenda inasaga hadi leo. Neno moja tu linamchafua roho: tarehe.

"Wanatufanya wajinga!" alimfokea Mama Povu alipobisha hodi mara ya kwanza. "Dawa ya meno ina tarehe. Kiberiti kina tarehe. Binti yangu, hata chumvi! Chumvi imelala ardhini tangu dunia kuumbwa haikuoza. Leo wameitia kwenye pakiti, eti inakufa mwezi wa tisa!"

Mama Povu anasema alijikaza asicheke, akashindwa. "Mwalimu, la chumvi uko sahihi kabisa. Mimi mwenyewe naila tu. Lakini chumvi ikipitwa na tarehe utakula chakula. Mpira ukipitwa na tarehe utakula moto."

"Mpira wangu mzima."

"Nikuangalizie tu."

"Mzima, nimesema. Asante kwa kuja." Mlango ukafungwa, kwa adabu, lakini ukafungwa.

Alirudi tena na tena. Alimtuma kinyozi, kinyozi akarudi na mahubiri ya saa nzima juu ya viatu vya zamani. Alimtuma hata mama mkwe wake na zile nyusi. Mwalimu alimpa pole, akampa chai, akamtengenezea mkono wa mwavuli, na mpira ukabaki palepale. Siku zikawa zinayoyoma. Wapangaji wengine walianza kumnunia mzee wa watu kwenye ngazi, na mkewe, mama mpole asiyependa ugomvi, akaacha kukaa koridoni na wenzake.

Jumamosi ya mwisho, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya ukaguzi, Mama Povu alipanda tena ghorofa ya tatu roho mkononi. Akasimama. Mlango wa Mwalimu uko wazi, na nyuma ya jiko lake unaning'inia utepe wa njano.

Alishangilia kwa sekunde mbili. Ya tatu akaona fundo. Fundo lake yeye ni dogo, la kukaza, na ncha huziunguza kwa mshumaa nyumbani kwake zisichambuke. Hili lilikuwa ua! Ua kubwa, lenye masikio mawili kama la zawadi, na pembeni kulikuwa na alama ya krimu. Ulikuwa utepe wa boksi la keki.

Anasema alicheka mpaka akakaa chini koridoni. Mke wa Mwalimu akatoka amejishika mdomo. "Usiseme kwa sauti, mwanangu," alimnong'oneza. "Nimechoka kusemwa. Nilifikiri kesho mwenye jengo atapita tu haraka haraka."

Lakini Mwalimu alishasikia. Akatoka, akauona utepe, akamtazama mkewe, akamtazama muuza gesi aliyekaa sakafuni. Watu wa korido nzima walishachungulia. Wote wanasema walitegemea bomu.

Mwalimu hakufoka. Aliingia chumbani, akarudi na kipande cha mpira wa gesi, akakiweka juu ya kiganja cha Mama Povu.

"Mimi nilikuwa sitaki kukuaibisha mbele za watu," alisema. "Sasa umefika. Huu nimeununua wiki iliyopita kule barabarani, kwa wale wanaotandaza vitu chini. Niambie ni wa nani."

Ulikuwa mpira uliopitwa na tarehe, umepakwa mafuta ung'ae. Na shingoni una utepe wa bluu, fundo dogo la kukaza, ncha zimeunguzwa.

"Muuzaji ananiambia, 'Chukua mzee, huu umeshapimwa, si unaona utepe?'" aliendelea Mwalimu. "Unakuja kututolea mipira yetu, unaitupa jalalani ikiwa mizima, mtu anaiokota, anamuuzia maskini mwingine kwa jina lako. Halafu unataka nikupe na wangu?"

Mama Povu anasema aliona aibu kuliko siku ya nyusi. Mwezi mzima alikuwa anaichomoa mipira, anaijaza kwenye gunia, na gunia likijaa analiweka jalalani. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba kitu kilichokufa kinaweza kuamka na kurudi sokoni kimevaa utepe wake.

"Mwalimu, hapo umenipata," alisema. "Sina la kujitetea. Nipe nusu saa."

Akashuka mbio. Gunia la wiki ile lilikuwa bado kwenye kibanda cha kinyozi. Akalimwaga katikati ya uwanja, akaazima kisu cha kukatia zulia, na akaanza kupasua. Kila mpira aliupasua ubavu kwa ubavu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, usiweze kupitisha tena hata pumzi. Watu wakajaa kwenye ngazi na madirishani. Ndani ya mipira mingine kulikuwa na nyufa kama za kisigino cha kiangazi, mingine ilikatika yenyewe ilipokunjwa. Kila aliyeutambua wake alipiga ukelele. "Mama yangu! Na mimi nilikuwa nalala chumba hichohicho!"

"Kuanzia leo," Mama Povu alisema kwa sauti ya kuuzia gesi, "hakuna mpira utakaotoka jikoni kwa mtu ukiwa mzima. Nitaupasua mbele ya mwenyewe, nimkabidhi vipande. Na ile ya barabarani naenda kuinunua yote iliyo na utepe wangu."

Na alikwenda, jioni hiyohiyo. Lakini kabla hajaenda, watu waliokuwa ngazini walipisha njia. Mwalimu alikuwa anashuka, mpira wake mkononi. Alikuwa ameuchomoa mwenyewe.

"Pasua," alisema.

Kisu kikapita. Mama Povu akaufungua kama ganda la ndizi, akauinamia, akaukunja, akauvuta. Umati ukasogea kuona uozo. Hakukuwa na uozo. Ndani ya mpira wa Mwalimu palikuwa laini, pasafi, hapana ufa hata wa kuingiza unywele.

Hapo ndipo, kinyozi anasema, kila mtu alimgeukia Mama Povu. Angeweza kuukunja haraka akautupa guniani na maneno mawili ya kutisha, na nani angejua? Jengo zima lilikuwa upande wake.

Aliunyanyua juu. "Jamani, oneni. Mpira wa Mwalimu ulikuwa mzima. Ameutunza, na alisema kweli." Kisha akamgeukia. "Mwalimu, leo ulikuwa mzima. Kesho ungekuwaje, mimi sijui, na wewe hujui, na kutoka nje hauonekani. Ndiyo sababu nafuata tarehe. Sina macho ya kuona ndani bila kuupasua."

Uso wa mzee ukafunguka, akaanza kucheka kicheko kikubwa ambacho majirani wanaapa hawakuwahi kukisikia.

"Mmesikia?" aliwauliza watu wote, kidole juu. "Mmesikia wenyewe? Mzima! Nilisema mzima!" Akampa Mama Povu mkono, akautikisa mpaka kikopo cha sabuni kikamwagika. "Katika maisha yangu huyu ndiye muuzaji wa kwanza kuniambia kitu changu hakijafa. Binti yangu, panda ukaweke mpya. Na utepe nataka ule wenye fundo."

Siku iliyofuata mwenye jengo alipanda. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo alipanda taratibu, akikataa kushikwa mkono, brashi ya kinyozi ameishika kama bunduki. Alipaka povu mwenyewe kila jiko. Alisogeza pua. Alivuta mafundo. Ghorofa ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kwa Mwalimu alikaa muda mrefu kuliko kote, akipaka mara ya pili kwa sababu hakuamini, na Mwalimu alisimama kando amenyooka kama anayekaguliwa gwaride. Ya nne akamaliza, akashika ukuta, akahema.

Koridoni watu walibanana hadi kwenye ngazi. Mama Povu alikuwa mwisho wa mstari, kilemba mkononi, hakuthubutu kusogea.

"Mitungi ibaki," alisema mwenye jengo.

Basi! Waliokuwepo wanasema ukuta ulitikisika. Watu waligonga mifuniko ya sufuria, mtoto mchanga wa ghorofa ya nne aliamka akaanza kulia na hakuna aliyejali. Kinyozi alimnyanyua Mama Povu, akagundua kwamba anayenyanyua mitungi si mwepesi, wakaanguka wote wawili. Mke wa Mwalimu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Na Mama Povu mwenyewe, mama wa kufoka, alilia mbele ya wateja wake wote, na hakuona haya.

"Nililia kwa furaha, na kwa uchovu, na kwa kila kitu," anasema. "Nilikuwa nimeshajiandaa kuishusha ile mitungi. Nilishahesabu hata ngazi."

Tangu siku hiyo majengo mawili ya jirani yamemwita. Amewafundisha wanawake wawili wa ghorofa ya kwanza kupima kwa povu, na mumewe, ambaye mgongo haumruhusu kubeba lakini mikono ni mizima, ndiye anayeunguza ncha za tepe na kupasua mipira. Ile ya barabarani aliyoweza kuipata aliinunua yote, na wale watandazaji sasa wakimwona wanaficha bidhaa, hata zisizo za gesi.

Mwenye jengo naye hakuishia kwenye maneno. Chini ya ngazi kulikuwa na stoo iliyojaa milango mibovu. Ameitoa milango, amepaka chokaa, na wiki hii amempa Mama Povu ufunguo.

Ndani ya chumba hicho, siku kilipotembelewa na mwandishi, kulikuwa na meza mbili zinazotazamana. Juu ya moja, mipira mipya, klipu, kikopo cha sabuni. Juu ya ya pili, feni mbili zilizofunguliwa, pasi isiyo na mkono, na blenda tatu. Nyuma ya meza hiyo, miwani puani, bisibisi nyuma ya sikio, alikuwa amekaa Mwalimu.

"Alikuja mwenyewe," anaeleza Mama Povu. "Akaniambia, wewe kaa na vinavyokufa kweli, mimi nikae na vinavyosingiziwa kufa."

"Na ubishi wenu?"

"Uko palepale!" anajibu Mwalimu bila kuinua kichwa. "Juzi ameniambia nitupe waya wa pasi. Waya mzima!"

"Umeungua, Mwalimu."

"Umeungua nje."

Wanabishana hivyo kutwa, na wateja wanakaa kwenye benchi kusikiliza kama redio. Mama Povu ana mpango wa kuongeza meza ya tatu, na akizipata fedha, kuchukua wanawake wengine sita wa kufunga tepe mtaa mzima. Lakini alipoulizwa anataka nini hasa, hakutaja meza wala majengo. Alisimama katikati ya kile chumba kidogo kinachonuka chokaa, akafikiri, na kwa mara ya kwanza siku nzima hakufoka.

"Nataka mtu akiingia hapa na kitu chake," alisema, "atoke anajua kama kimekufa, au kama alidanganywa. Basi. Sisi wawili tutamwambia kweli, hata kama itatukosesha kuuza."

"Hata kama," alisema Mwalimu, na akapuliza vumbi kwenye blenda, akaiwasha, ikanguruma.